Wanawake wa Ufaransa: Kalamu Kabla ya Kura

Watahiniwa wengi wakiulizwa matokeo ya Mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789 huandika kwamba yalileta usawa kwa watu wote. Hoja hiyo ina kasoro kubwa, na ukiielewa kasoro yenyewe utaelewa pia kwa nini wanawake wa Ufaransa waliandika sana kuhusu haki.

Azimio la Haki za Binadamu na Raia lilipitishwa tarehe 26 Agosti 1789 likiwa na vifungu 17. Neno la Kifaransa lililotumika ni homme, lenye maana mbili: binadamu na mwanamume. Kiswahili kina maneno mawili tofauti, ndiyo maana msomaji wetu haoni utata wowote. Katika siasa, waliotunga sheria walifuata maana ya pili. Wanaume maskini walinyimwa kura mwanzoni. Wanawake walinyimwa wote.

Na hawakunyimwa kwa sababu walikaa pembeni. Tarehe 5 Oktoba 1789, maelfu ya wanawake wa Paris, wakiwemo wachuuzi wa sokoni, walitembea kilomita zipatazo 20 hadi Versailles kudai mkate, uliokuwa haba na ghali. Kesho yake mfalme na familia yake walilazimika kuhamia Paris. Hili ni tukio la kutaja kila unapoeleza jinsi nguvu za mfalme zilivyopungua.

Aliyeuona mkanganyiko huo waziwazi ni Olympe de Gouges, mwandishi wa tamthilia aliyezaliwa Montauban mwaka 1748. Mwaka 1791 alitoa Azimio la Haki za Mwanamke na Raia wa Kike. Mbinu yake ilikuwa rahisi na kali: alilifuata azimio la 1789, vifungu vyote 17, akaingiza mwanamke pale alipoachwa. Alihoji kuwa sheria inayoweza kumnyonga mwanamke haina budi kumruhusu pia kusema hadharani. Aliandika vilevile tamthilia ya kupinga utumwa, jambo ambalo wanafunzi hulisahau.

Zingatia: usiandike kwamba aliuawa kwa sababu ya azimio hilo. Alikamatwa mwaka 1793 kwa tangazo lililotaka wananchi wachague wenyewe aina ya serikali, akakatwa kichwa kwa gilotini tarehe 3 Novemba mwaka huo. Siku chache kabla, vyama vya kisiasa vya wanawake vilikuwa vimepigwa marufuku. Sheria ya Kiraia ya Napoleon ya mwaka 1804 ilimalizia kazi: mke alitakiwa kumtii mumewe.

Mlango wa siasa ulipofungwa, ilibaki kalamu, silaha waliyokuwa nayo tangu zamani. Christine de Pizan, mzaliwa wa Venice aliyekulia Ufaransa, alifiwa na mume akiwa kijana mwenye watoto, akaendesha maisha kwa uandishi. Kitabu chake cha mwaka 1405 kuhusu mji wa wanawake kiliwajibu wanaume waliowadharau wanawake katika maandishi. Katika karne ya 19 Aurore Dupin alitoa riwaya yake Indiana (1832) kwa jina la kiume, George Sand. Hebu fikiri: mwandishi hodari, lakini jalada linamhitaji mwanamume!

Katika sanaa, Rosa Bonheur aliyechora wanyama aliomba kibali cha polisi ili avae suruali anapokwenda minadani na machinjioni. Mwaka 1865 akawa msanii wa kwanza wa kike kupewa nishani ya Légion d'honneur. Hata hivyo shule kuu ya sanaa ya Paris haikupokea wanawake hadi mwaka 1897.

Haki ya kupiga kura ilitolewa tarehe 21 Aprili 1944, miaka 155 baada ya azimio la kwanza, na wanawake wakaitumia mara ya kwanza Aprili 1945. Miaka minne baadaye Simone de Beauvoir alichapisha kitabu chake Le Deuxième Sexe, akieleza kwamba hali duni ya mwanamke hujengwa na jamii, haitokani na maumbile. Mke wa Kifaransa aliruhusiwa kufungua akaunti ya benki bila idhini ya mumewe mwaka 1965.

Swali la kujipima: Kwa kutumia ushahidi wa kihistoria, jadili ni kwa kiasi gani Mapinduzi ya mwaka 1789 yalibadili hali ya mwanamke nchini Ufaransa.