Televisheni ya Picha Safi: Namna ya Kuichagua na Kuiweka Nyumbani

Wasomaji wetu wengi wana nyumba mbili. Moja iko shambani, na ya pili ni chumba cha kupanga huko Nairobi, katika mitaa ya Eastlands: Kayole, Umoja, Dandora, Jericho na kwingineko. Pengine anayekaa humo ni baba mwenyewe, pengine ni mtoto aliyekwenda kutafuta kazi. Fedha za maziwa au za mahindi zikipatikana, kitu kimoja kinachotakiwa upesi ni televisheni. Si jambo baya. Lakini bei yake yaweza kuwa sawa na karo ya muhula, na katika ofisi yetu tumesikia mara nyingi habari za watu waliolipa bei ya picha safi, kisha wakatazama nyumbani picha ile ile ya zamani. Kwa hiyo yafaa kueleza jambo hili polepole.

Huenda mtu akauliza, mkulima ana haja gani na picha safi? Ana haja kubwa. Tazama habari ya viwavijeshi vamizi, wale walioingia Kenya mwaka 2017 na kula mahindi. Kiwavi huyu hutambulikana kwa alama nyeupe kichwani mfano wa herufi Y iliyopinduliwa juu chini, na kwa madoa manne meusi karibu na mkia, yaliyopangwa mraba. Kipindi cha ukulima kikionyesha kiwavi huyo, katika televisheni ya kale utaona mdudu tu. Katika televisheni nzuri utaona Y na madoa, na kesho yake utaweza kumtambua shambani kabla hajamaliza mimea. Kipindi cha Shamba Shape Up kilichoanza mwaka 2012 kimewafundisha wengi kwa njia ya namna hii, na mambo kama kutu ya majani au ugonjwa wa kuku hayaelezeki vema kwa maneno matupu.

Sasa, picha safi ni nini? Ukikaribia kioo cha televisheni utaona kwamba picha yote imefanywa kwa nukta ndogo sana. Kiondo kilichosukwa kwa uzi mwembamba huonyesha mapambo yake wazi kuliko kile cha kamba nene. Ndivyo ilivyo na nukta. Televisheni tulizokuwa nazo zamani zilichora picha kwa mistari 625, na katika hiyo 576 tu ndiyo iliyoonekana. Televisheni iitwayo HD ina nukta 1280 kwa upana na 720 kwa kimo, yaani zaidi ya laki tisa. Ile iitwayo Full HD ina 1920 kwa 1080, yaani zaidi ya milioni mbili. Ile ya 4K ina 3840 kwa 2160, na hizo ni zaidi ya milioni nane. Televisheni nyingi za inchi 32 madukani zina 1366 kwa 768, nazo ziko katika kundi la kwanza.

Shika tarakimu hizo, maana ndizo ngao yako dukani. Ukienda Luthuli Avenue utakuta maduka yamebanana, na kila boksi limeandikwa maneno makubwa ya kujisifu. Usisome maneno, tafuta tarakimu ndogo ubavuni mwa boksi au nyuma ya televisheni yenyewe. Pengine boksi la inchi 32 limeandikwa kwamba televisheni hiyo “inakubali” Full HD au 4K. Maana yake ni kwamba itapokea picha kubwa, kisha itaipunguza iingie katika kioo chake kidogo. Si uongo, lakini si ukweli unaoulipia. Kama tarakimu za kioo ni 1366 kwa 768, lipa bei ya 1366 kwa 768.

Jambo la pili la kutazama ni king'amuzi. Matangazo ya zamani, yale ya analogi, yalizimwa nchini Kenya mwaka 2015, kukawa na ubishi mkubwa hata baadhi ya stesheni zikatoweka hewani kwa majuma kadhaa. Tangu hapo matangazo yote ya eriali ni ya dijitali, ya mtindo uitwao DVB-T2. Televisheni iliyo na herufi hizo, pamoja na hiyo T2 mwishoni, ina king'amuzi ndani yake, nayo itapata stesheni za bure kwa eriali peke yake. Isiyokuwa nazo itakudai kununua kisanduku kando. Tena angalieni: DVB-T bila ya 2 haitoshi hapa kwetu.

Mwambie mwenye duka aiwashe mbele yako. Usione haya. Iwashe ionyeshe picha nyeupe kote, kisha nyeusi, utazame kama kuna nukta zilizokufa au mstari au kivuli pembeni. Jaribu sauti, jaribu rimoti, jaribu tundu la eriali na matundu ya HDMI. Kisha dai risiti yenye jina la duka na namba ya televisheni, na karatasi ya dhamana iliyopigwa muhuri. Televisheni inayouzwa kwa bei ya ajabu pembeni mwa njia, bila boksi wala risiti, huenda imetoka katika nyumba ya mwenzako, na polisi wakija hutakuwa na neno la kujibu.

Wengine hununua kwa kulipa kidogo kidogo kila siku. Kabla ya kukubali, zidisha malipo ya siku kwa idadi ya siku, uongeze na malipo ya kwanza. Tuseme malipo ya kwanza ni shilingi 3,000, na kila siku ni shilingi 80 kwa siku 365. Hiyo ni shilingi 32,200. Ikiwa televisheni hiyo hiyo inauzwa taslimu kwa shilingi 16,000, basi umenunua mbili ukapewa moja.

Je, inchi ngapi? Inchi hupimwa kutoka pembe hata pembe, si kwa upana. Ya inchi 32 ina upana wa sentimita 71 na kimo cha 40 hivi. Ya inchi 43 ina upana wa 95 na kimo cha 54. Ya inchi 55 ina upana wa 122 na kimo cha 69. Kanuni iliyo rahisi ni kukaa mbali na kioo mara tatu au mara nne ya kimo chake. Vyumba vingi vya kupanga Eastlands ni vya futi 10 kwa 10. Ukitoa kiti, meza na njia ya kupitia, macho yako yatakuwa kama mita 2 kutoka ukutani. Kwa chumba hicho inchi 32 yatosha, na 43 ndiyo kikomo. Mwenye kununua 55 ajionyeshe kwa jirani zake ataona kasoro zote za picha, kwa sababu si kila stesheni inarusha vipindi vyake kwa HD, na kioo kikubwa hakiwezi kuongeza kile ambacho hakikutumwa.

Televisheni zinazounganishwa na intaneti ni nzuri kama jengo lenu lina waya wa intaneti wa kulipia kwa mwezi. Kwa bando za simu ni gharama: filamu ya HD yaweza kula gigabaiti 3 kwa saa moja.

Kuichukua nyumbani nako kuna hatari yake. Kioo cha televisheni hizi ni chembamba mno, nacho hubebwa kikiwa kimesimama wima ndani ya boksi lake, kamwe kisilazwe. Ukiilaza juu ya kiti cha matatu au juu ya mapaja kwenye bodaboda, shimo moja la barabarani litaipasua, na dhamana haitoi fidia ya kioo kilichovunjika. Ni heri kulipa nauli ya teksi siku hiyo.

Chagua ukuta usioelekea dirisha. Ikiwekwa mezani, meza iwe pana na nzito, na televisheni ifungwe nyuma kwa ukanda imara hadi ukutani. Nasema hivi kwa sababu ya watoto. Mtoto mdogo hushika ukingo wa kioo ili asimame, nacho humwangukia. Ikitundikwa ukutani, mwulize kwanza mwenye nyumba au mlinzi wa jengo kabla ya kutoboa, kisha fundi agonge ukuta asikie kama ni jiwe au ni tofali lenye uwazi ndani, maana kila ukuta una skrubu na vizibo vyake. Katikati ya kioo pawe sawa na macho ya mtu aliyeketi, kama mita moja kutoka chini. Wengi huitundika juu karibu na dari, kisha huumwa na shingo. Acha nafasi ya sentimita 10 nyuma na kando ili joto litoke, wala usiifunike kitambaa wakati inapowaka.

Sasa tuje kwenye eriali, ambapo watu hukosea zaidi. Televisheni ya nchi hii ilianza mwaka 1962 kwa mtambo uliowekwa katika nyumba ya shamba huko Limuru, na hata leo matangazo ya Nairobi hutoka upande huo wa vilima. Mtu aliye Eastlands asimame akitazama linakotua jua, kisha ageuke kidogo upande wa kulia. Huko ndiko eriali ielekee, ile ncha yenye vijiti vifupi ikiwa mbele. Katika nyumba za chini kama zile za Kaloleni mara nyingi yatosha kuiinua juu ya paa. Lakini katika magorofa ya Umoja, Kayole au Pipeline, jengo la jirani laweza kukuzibia kabisa. Hapo eriali ya ndani haifai kitu. Yafaa eriali ya juu ya paa, kwa ruhusa.

Matangazo ya dijitali yana tabia yake. Zamani mawimbi yakiwa dhaifu picha ilijaa chenga kama mvua ya mawe, lakini uliona. Sasa picha huwa nzuri kabisa, au hukatika vipande vipande na kuganda, kisha kutoweka. Kwa hiyo usidhani televisheni imeharibika. Geuza eriali kidogo kidogo, kila mara ukingoja sekunde chache, huku mwenzako ndani akitazama kipimo cha nguvu ya mawimbi kiooni. Tumia waya mnene wa eriali na usiwe mrefu bila sababu. Mkigawana eriali moja nyumba mbili, kila mmoja hupata nusu ya nguvu. Mkigawana nyumba nane, msishangae.

Na hili lisomwe mara mbili: usipandishe mlingoti wa eriali karibu na nyaya za stima. Katika mitaa hii nyaya hupita karibu sana na mabaraza na mapaa, na mlingoti wa chuma ukiyumba ukagusa waya, aliyeushika hufa papo hapo. Kama mlingoti ukianguka haufiki kwenye nyaya, hapo ni salama. Kama unafika, tafuta mahali pengine, hata kama ni kupoteza stesheni mbili.

Mwenye kutumia kisanduku cha king'amuzi asikilize neno hili, kwa kuwa ndilo linaloharibu fedha za wengi. Kisanduku huja na waya wa vichwa vitatu, rangi ya njano, nyekundu na nyeupe. Waya huo hauwezi kupitisha picha ya HD. Ukiunganisha televisheni ya milioni mbili za nukta kwa waya huo, utapata picha ya babu yako. Nunua waya wa HDMI, uunganishe, kisha kwa rimoti chagua tundu hilo.

Ukiiwasha mara ya kwanza itakuuliza kama iko dukani au nyumbani. Jibu nyumbani, maana hali ya dukani huongeza mwanga mkali na kula stima. Chagua nchi ya Kenya, chagua eriali, chagua dijitali, kisha uiache itafute stesheni yenyewe. Nyuso za watu zikionekana pana kama sufuria, badilisha umbo la picha liwe 16:9 au liwe la yenyewe. Stesheni ikipotea baadaye, rudia kutafuta kabla hujamwita fundi.

Televisheni ya inchi 32 hutumia kama wati 50. Kwa saa tano kila siku ni robo yuniti, na kwa siku 30 ni yuniti saba na nusu za tokeni. Plagi iwe ya pini tatu yenye fyuzi, wala usichokoe soketi kwa kijiti ili uingize ya pini mbili. Nunua kinga ile inayoitwa TV guard, ambayo hukata stima ikizidi au ikipungua, na stima ikirudi hungoja kwanza itulie. Mvua ya radi ikija, chomoa plagi na waya wa eriali pia. Wengi huchomoa plagi tu.

Ile ya kale yenye mgongo mkubwa usiipasue, wala usiipeleke kijijini kuitupa pembeni mwa shamba. Kioo chake kina madini ya risasi, yenye sumu kwa udongo na kwa kuku wanaochakura. Kama bado inawaka, kisanduku cha king'amuzi na ule waya wa rangi tatu vitaifaa vema kwa mtu mwingine. Kama imekufa, ipelekwe kwa wanaokusanya vyombo vibovu vya stima.