Majani ya Mifugo Yaotayo Pasipo Udongo

Piyaya, katika Wilaya ya Ngorongoro, ni nchi ya wafugaji. Kiangazi kikizidi, mwenye ndama hulala na mashaka. Je, majani yaweza kuota pasipo udongo? Naam, yaweza. Mwaka 1937 mtaalamu William Gericke wa California alikiita kilimo cha namna hii haidroponiki. Na karibu na Tindouf, katika jangwa la Algeria, wakimbizi wa Sahara Magharibi wamelisha mbuzi wao shayiri iliyooteshwa hivyo.

Njia yake ni hii. Twaa shayiri safi isiyotiwa dawa, uiloweke usiku kucha, uichuje, kisha uitandaze kivulini katika masinia yenye matundu. Uinyunyizie maji safi mara kadhaa kila siku. Haihitaji mbolea, kwa maana mche mchanga hula akiba ya mbegu yake. Baada ya siku 7 au 8 utapata mkeka wa majani na mizizi.

Lakini tusidanganyike: sehemu kubwa ya uzito wake ni maji, wala hautoshi kundi zima. Uwape ndama na mbuzi wanyonyeshao, pamoja na nyasi kavu. Ukiota ukungu, utupe. Tena, kabla ya kuloweka nafaka, tazama kwanza chungu cha watoto.