Sare za Shule: Kagua Kitambaa Kabla ya Kulipa

Wazazi na walezi wa Namboboto wanaponunua sare, wengi hutazama mambo mawili: rangi inayotakiwa na shule, na bei. Kitambaa chenyewe husahaulika, ilhali ndicho mtoto atakachoshinda nacho kutwa nzima. Huku Samia, karibu na Ziwa Victoria, joto huja pamoja na unyevu. Shati lisilofaa huganda mgongoni mapema asubuhi, na mtoto anayejikuna hawezi kutulia darasani.

Vitambaa vingi vya sare ni mchanganyiko wa pamba na poliesta. Pamba, zao ambalo wakulima wa Samia wanalijua tangu enzi za ukoloni, hufyonza jasho. Katika hewa ya kawaida hubeba unyevu unaokaribia asilimia 8 ya uzito wake. Poliesta haifikishi hata asilimia 1, hivyo jasho hubaki kwenye ngozi. Hata hivyo, poliesta haichakai upesi, haikunjamani sana na hukauka haraka. Hilo ni muhimu kwa mtoto mwenye sare moja inayofuliwa jioni na kuvaliwa asubuhi.

Kwa hiyo, shati au blauzi inayogusa ngozi iwe na pamba nyingi. Sketi, kaptura na suruali, ambazo huchakaa zaidi, zinaweza kuwa na poliesta nyingi.

Iwe unanunua Funyula au mpakani Busia, fanya hivi:

• Soma lebo, ikiwapo, uone viwango vya pamba na poliesta.
• Finya kitambaa kwenye ngumi kisha uachilie. Pamba hubaki na mikunjo, poliesta hunyooka.
• Omba kipande kidogo, ukidondoshee maji. Yakikaa juu kwa muda mrefu, jasho nalo huenda lisifyonzwe.
• Kiinue kwenye mwanga. Kilicholegea sana hupitisha hewa, lakini huraruka mapema.
• Kisugue shingoni. Kikikuwasha wewe, kitamwasha mtoto.

Ukishonesha, loweka kitambaa chenye pamba nyingi na ukikaushe kabla ya fundi kukata, kwa kuwa hurudi kinapofuliwa mara ya kwanza. Mwambie fundi asibane makwapa, na aache upindo mpana wa kufumuliwa mtoto anapokua. Sare inayopitisha hewa na kumkaa vizuri humwezesha mtoto kuisahau na kushughulikia masomo.