Saratani ya Titi Baada ya Uzazi: Uzito wa Maneno Nachingwea na Ruangwa

Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, mama anyonyeshaye hupata habari za maradhi kwa Kiswahili, ijapokuwa nyumbani pengine hunena Kimwera, Kimakonde, Kiyao au Kimakua. Basi Kiswahili cha kliniki kikipotoka, mama huondoka na habari isiyokusudiwa.

Litazamwe kwanza neno ziwa. Wingi wake ni maziwa, na maziwa ndiyo pia anywayo mtoto. Mama aambiwaye kwamba ana uvimbe katika maziwa aweza kufahamu kuwa maziwa yamemgandia, jambo limpatalo mzazi mara nyingi na kuondoka kwa kukandwa na kunyonyesha. Kwa kawaida huwa hivyo kweli. Lakini uvimbe usioondoka kwa majuma mawili wataka kupimwa, na hapo ndipo utata wa neno moja uwezapo kumchelewesha mtu miezi mingi. Neno titi halina utata huo.

Saratani na kansa hazina taabu kubwa. Yote mawili, moja kwa njia ya Kiarabu na jingine kwa njia ya Kiingereza kutoka Kilatini, asili yake ni kaa wa majini; msemaji wa Kiswahili hamwoni kaa huyo, wala hana haja naye.

Penye taabu ni kiungo -a. Wataalamu husema juu ya saratani itokeayo baada ya uzazi; mfasiri mwenye haraka huandika "saratani ya uzazi". Msikilizaji aweza kudhani kwamba ni saratani ya kizazi, au, vibaya zaidi, kwamba kuzaa ndiko kuletako saratani. Ukweli una pande mbili. Uchunguzi wa mwaka 2019, uliounganisha makundi 15 ya wanawake, ulionyesha kwamba hatari huongezeka baada ya kuzaa, hufika kilele yapata mwaka wa tano, kisha hushuka, na baada ya miaka ishirini na kitu huwa ndogo kuliko ya wasiozaa. Hata katika kilele, wanaougua katika umri huo ni wachache. Tena uchunguzi mwingine wa mwaka 2002, uliokusanya habari za nchi 30, ulikuta kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari kwa asilimia 4.3. Mama akiachishwa kunyonyesha kwa sababu ya kiungo kimoja kilichowekwa vibaya, hasara hiyo si ya sarufi tu.

Wataalamu hutafuta sababu za ongezeko hilo, hasa katika namna titi linavyojirudisha baada ya mtoto kuacha kunyonya, kazi inayofanana na kupona kwa jeraha. Miongoni mwa vitu wavichunguzavyo ni mikro-RNA, vipande vifupi vyenye herufi za urithi zipatazo 22, vilivyogunduliwa katika mnyoo mdogo na kutangazwa mwaka 1993 na Victor Ambros na Gary Ruvkun, waliopewa tuzo ya Nobel mwaka 2024. Mwaka 2015 walichapishiwa wataalamu wengine habari za wanawake wa asili ya Kihispania: kiasi cha baadhi ya vipande hivyo katika saratani za waliozaa hakikulingana na cha wasiozaa. Matokeo hayo hayafai kuhamishiwa Lindi bila uchunguzi wa huko.

Kazi ya kipande hicho ni kujishikiza kwenye nakala ya agizo la jeni, ili agizo lisitekelezwe au litekelezwe kidogo. Kitenzi "kuzima" hutia chumvi, kwa maana mara nyingi agizo hufifia tu. "Kufifisha" chafaa zaidi. Nakala yenyewe hupendwa kuitwa mjumbe. Ni jina zuri darasani, lakini kijijini Ruangwa mjumbe ni mtu wa nyumba kumi, naye hashikizwi na chochote asitoe habari. "Barua" lingeeleweka upesi.