Pesa za simu na bei ya matibabu Fizi na Baraka

Katika Fizi na Baraka, mkoani Kivu Kusini mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, teknolojia ya kidijitali imeingia kwenye sekta ya afya kupitia biashara ya simu, na huduma iliyoshika mizizi si ushauri wa daktari kwa video, unaosifiwa sana mikutanoni, bali ni pesa za simu, yaani akaunti iliyounganishwa na laini ya simu na inayoweka faranga za Kongo au dola za Marekani. M-Pesa ya kampuni ya simu ya Vodacom ilianza nchini mwaka 2012, na kwa kuwa mgonjwa kwa kawaida hulipia matibabu kutoka mfukoni, ndugu aliye kwenye machimbo ya dhahabu ya Misisi anaweza kutuma fedha za upasuaji siku hiyohiyo badala ya kumtafuta msafiri mwaminifu. Wakala wa pesa za simu akiishiwa noti, hata hivyo, salio hilo halimsaidii mzazi anayedaiwa hospitalini.

Upande wa takwimu, muuguzi wa kituo hujaza ripoti ya mwezi kwenye karatasi, ambayo husafirishwa hadi ofisi kuu ya zoni ya afya, yaani eneo lenye hospitali kuu na vituo vilivyo chini yake, kama Fizi, Nundu au Kimbi-Lulenge, na huko ndiko huingizwa katika DHIS2, programu huria ya takwimu za afya. Kipindupindu, ambacho hakijapata kuisha kandokando ya Ziwa Tanganyika, hakisubiri karatasi; taarifa zake hutangulizwa kwa simu, na hapo huzuka swali la kiuchumi, ambalo wapanga miradi hulisahau kwa urahisi wa ajabu, la nani analipia inite, yaani muda wa maongezi.

Serikali yenyewe iliongeza gharama hizo mwezi Septemba 2020 kwa tozo ya RAM, iliyohusu usajili wa simu, ikafika dola 7 kwa mwaka kwa simu za intaneti na kukatwa moja kwa moja kwenye salio hadi ilipofutwa mwaka 2022. Mwaka uleule wa 2020, Madaktari Wasio na Mipaka (MSF), waliokuwa wakihudumu Fizi tangu 2003, walitangaza kuondoka baada ya timu zao kushambuliwa. Kwa maskini wa Baraka hasara hii ya pili ilikuwa kubwa kuliko ya tozo, kwani simu humwita mwenye pikipiki wa kumbeba mgonjwa na kumlipa, lakini mama anayehitaji kupasuliwa hutegemea daktari, damu na jenereta yenye mafuta.