Tangi la mvinyo: Mkwaruzo mdogo, hasara kubwa

ZABIBU za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na kilio cha wakulima kukosa soko si kigeni. Ndiyo maana usindikaji mdogo wa mvinyo umewavutia wajasiriamali: tunda linalooza kwa siku chache hugeuzwa kinywaji kinachoweza kumsubiri mnunuzi kwa miezi.

Hata hivyo, mvinyo nao huharibika, na wakati mwingine mkosaji si zabibu wala hamira. Ni tangi.

Matangi bora ya kazi hiyo hutengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu, ambacho mafundi hukiita 'stenlesi'. Ni chuma cha jamii ile ile inayotengenezewa sinki, vifaa vya hospitali na hata rafadha za boti. Jina lake limewaponza wengi, kwa kuwa hudhani hakihitaji matunzo.

Ukweli ni kwamba chuma hicho hushika kutu kikitendewa vibaya. Kinachokilinda ni kromiamu iliyochanganywa ndani yake, ambayo ikikutana na hewa hutengeneza utando mwembamba usioonekana kwa macho. Aina inayotumika sana, namba 304, ina kromiamu takriban asilimia 18 na nikeli asilimia 8. Namba 316 huongezwa molibdenamu, hivyo huhimili zaidi chumvi na gesi ya salfa inayotumika kuhifadhi mvinyo.

Hatari iliyopo karakana

Karakana nyingi za kuchomelea mitaani, zikiwemo za maeneo kama Chang'ombe mjini Dodoma, huishi kwa kazi za mageti, madirisha na vitanda vya chuma cha kawaida. Mteja akipeleka tangi lake kuzibwa tundu au kung'arishwa, hatari huanzia kwenye kifaa. Jiwe la grainda lililotoka kusaga geti hubeba chembe za chuma, na chembe hizo hujichomeka kwenye tangi. Baada ya siku chache madoa ya kutu hujitokeza, na mteja hudhani aliuziwa tangi bandia.

Dawa yake ni rahisi: mawe, misasa na brashi za waya za stenlesi vitengwe, visiguse kazi nyingine.

Sehemu iliyochomelewa nayo hubaki na rangi ya bluu au kahawia. Hiyo si pambo. Inaonyesha kuwa utando wa kinga umeharibiwa na moto, hivyo lazima isafishwe. Kung'arisha hufanywa kwa hatua, kwa mfano msasa namba 120, kisha 240, kisha 400, na kila hatua hufuta mikwaruzo ya iliyotangulia. Kwa vyombo vya chakula, kipimo kinachokubalika sana ni ukwaruzo wa wastani usiozidi mikroni 0.8. Kwenye mikwaruzo mikubwa bakteria wa siki hujificha, maji ya kuoshea yasiwafikie, na mvinyo wa msimu unaofuata ukachachuka.

Usafi wa kila msimu

Mvinyo ukitolewa huacha utando mgumu wa chumvi za zabibu ukutani mwa tangi. Wengi hukimbilia stilwaya, ambayo hukwaruza na kuacha chembe za chuma. Wengine hutumia dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, na klorini hiyo hutoboa chuma vitundu vidogo na pia huweza kuupa mvinyo harufu ya ukungu.

Njia salama ni kuanza na maji mengi, kisha maji ya moto kiasi yenye kostiki gramu 10 hadi 20 kwa lita, ambayo huyeyusha utando huo. Baada ya kusuuza, tangi lipitishiwe maji yenye asidi ya sitriki, ile iliyomo kwenye ndimu, kwa kiwango kama hicho, ili kuondoa mabaki ya kostiki. Kisha lisuuzwe tena kwa maji safi na kuachwa likauke wazi.

Kostiki huunguza ngozi na macho, hivyo glavu na miwani ni lazima. Kostiki ndiyo humiminwa kwenye maji baridi, si maji kwenye kostiki. Aidha, mtu asiingie ndani ya tangi lililotoka kuchachusha mvinyo, kwa sababu hewa ya ukaa inayobaki humo inaweza kuua kwa dakika chache.

Kabla ya kumlipa fundi

Mteja alitazame tangi kwa tochi na kupapasa mishono kwa kidole: pasiwe na tundu, ukingo wala rangi ya moto. Kisha alilowanishe kwa maji safi na kurudi kesho yake. Doa la kutu likionekana, kazi haijaisha, na ni nafuu kuirudia wakati huo kuliko kumwaga mvinyo wa msimu mzima.