Viini 96 vya Kuandikia Barua

Wapo watendaji waaminio kuwa wingi wa viini vya prosesa ndio ubora wa kompyuta. Hebu tupime. Threadripper PRO 7995WX ya AMD, iliyotolewa mwaka 2023 kwa kompyuta za mezani za kazi nzito, ina viini 96 na imepangiwa umeme wa wati 350. Core i7-1355U ya Intel, ya kompyuta mpakato, ni ya mwaka huo huo. Ina viini 10, na kiwango chake cha msingi ni wati 15.

Kuunganisha maelfu ya picha za ramani, kama zilizopigwa visiwani kwa ndege zisizo na rubani kuanzia mwaka 2016, ni kazi inayogawika, na hapo viini 96 ni halali yake. Barua haigawiki hivyo. Hutegemea zaidi kasi ya kiini kimoja, nayo kikomo chake ni gigahezi 5.1 kwa ile kubwa na 5.0 kwa ndogo!

Tena Unguja ilikosa umeme wa gridi takriban miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009. Mpakato ina betri. Ya mezani huzimika papo hapo.

Basi afisa anayeagiza wati 350 kwa ajili ya orodha ya mishahara na aieleze Hazina sababu zake.